UZI: Saratani ya mapafu iliyofika mbali – upasuaji unaingia wapi, na wapi hauna kazi

#1 MbavuYaTano

Wadau, salaam kwenu. Naona kila wiki hoja ileile inarudi humu: mgonjwa wa saratani ya mapafu kaambiwa yuko hatua ya 3 au ya 4, ndugu wanagawanyika. Wengine wanasema kisu kikigusa tu, hewa inaingia na saratani inatapakaa. Wengine wanasema daktari aliyekataa kupasua ameshamkatia mgonjwa tamaa, na wanauza shamba wakatafute wa kupasua. Hoja zote mbili zinaumiza watu, ndiyo maana nimeona tuifungulie uzi wake.

La hewa tulimalize mapema. Hewa haisambazi saratani. Kinachotokea ni hiki: mgonjwa anafunguliwa kifua bila kupimwa vya kutosha, wakati ugonjwa ulishatoka nje ya pafu miezi mingi nyuma. Kidonda kikubwa kinauchosha mwili, dawa zinachelewa kuanza, na wiki chache baadaye uvimbe umeonekana kwingine. Lawama anabebeshwa hewa.

Sasa kisu chenyewe. Kuuliza "uvimbe unatoka au hautoki" hakutufikishi popote, maana mpasuaji mzoefu anaweza kutoa mengi na mgonjwa asifaidike na lolote. Ulizeni hivi: ukishatoka, mgonjwa atapata nini ambacho dawa na mionzi visingempa? Faida zinazokubalika ni kupona kabisa, kuongezewa muda wa kuishi, kuondolewa adha (kukosa pumzi, maumivu, kupooza), au kupata kinyama (kipande kidogo kinachokatwa kupimwa maabara) cha kutambua ugonjwa. Kama hakuna hata moja kati ya hizo, kisu kibaki kabatini.

Kwa faida ya wasiozijua hatua: ya 3 ni ugonjwa ulio bado kifuani lakini umefika kwenye tezi za katikati ya kifua, au umekamata vitu vikubwa kama mshipa mkuu, koo la hewa au uti wa mgongo. Ya 4 ni ugonjwa uliokwenda pafu la pili, utando wa pafu, mfuko wa moyo, au nje ya kifua kabisa: ubongo, mifupa, ini, tezi zilizo juu ya figo. Kwa takwimu za toleo la 8 la TNM (mfumo wa kimataifa wa kupanga hatua za saratani; ya 3 hugawanywa IIIA hadi IIIC, ya 4 IVA na IVB), waliokuwa hai baada ya miaka 5 ni takriban 36 kati ya 100 kwa IIIA, 26 kwa IIIB, 13 kwa IIIC na 10 kwa IVA. IVB karibu hakuna. Wagonjwa wale walitibiwa kabla dawa za kuamsha kinga hazijaenea, kwa hiyo msizichukue kama hukumu ya leo.

Nazungumzia saratani isiyo ya seli ndogo, ambayo ni kama 85 kati ya kila 100. Ya seli ndogo ikifika hatua hizi haipasuliwi; inatibiwa kwa dawa na mionzi.

#2 Hadubini

Mkuu umefungua vizuri. Niongeze kinachotangulia kisu: kinyama. Bila jibu la maabara hakuna hatua, hakuna dawa, hakuna upasuaji. Na huku kwetu kuna kifua kikuu, kinachofanana na saratani kwenye picha kuliko tunavyopenda kukubali.

Mgonjwa aliyeanzishiwa dawa za TB kwa picha tu, makohozi hayakuthibitisha, akamaliza miezi 2 na kivuli hakijapungua, apelekwe kipimo cha CT na bronkoskopia (kamera inayopitishwa kwenye njia ya hewa). Asisubirishwe amalize miezi 6. Hata TB ikithibitishwa, haifuti saratani; vyote viwili vinaweza kukaa kwenye pafu moja.

Vinyama vinaharibikaje? Nayaona haya zaidi:

Kinyama kimewekwa kwenye maji ya chumvi badala ya fomalini asilimia 10, kikafika maabara baada ya siku 2 kimeoza. Fomalini iwe mara 10 ya ukubwa wa kinyama, na kikae humo kati ya saa 6 na 48.

Kimekatwa katikati ya uvimbe mkubwa, mahali ambapo pameshakufa. Darubini inaonyesha seli zilizokufa tu. Ukingo wa uvimbe ndio wenye uhai.

Kimetoka kwenye mfupa, kikalainishwa kwa asidi kali. Umbo la seli utaliona, ila vinasaba vimeharibika na kipimo cha EGFR, mojawapo ya mabadiliko ya vinasaba yanayoamua dawa (jingine ni ALK), hakitasoma.

Kinyama ni kidogo na maabara imekimaliza kwa rangi nyingi za kutofautisha aina. Andikeni kwenye fomu mapema: "bakiza kwa ajili ya EGFR na ALK". Sentensi hiyo moja humwokoa mgonjwa asichomwe sindano mara ya pili.

Na kabla hamjaenda kifuani, papaseni kwa vidole juu ya mfupa wa mtulinga, pande zote mbili. Tezi ngumu pale hutolewa kwa ganzi, dakika chache. Ikikutwa na saratani, huo tayari ni N3 (kiwango cha juu kabisa cha kuenea kwenye tezi), yaani IIIB kwenda juu, na upasuaji wa kutoa pafu umefutika. Kinyama kidogo cha shingo kimemwepusha mtu kufunguliwa mbavu.

#3 BiMionzi

Hadubini umenigusa kwenye TB. Niseme la PET-CT, kwa sababu watu wanasafiri hadi Nairobi kukifuata, wanarudi na ripoti iliyojaa "inang'aa" na kila mtu anaisoma kama "imesambaa".

Kipimo kile kinaonyesha mahali panapokula sukari kwa kasi. Saratani inakula, TB nayo inakula, na tezi zenye uvimbe wa vumbi au moshi wa kuni nazo zinakula. Kwa hiyo tezi ya katikati ya kifua ikingʼaa, haijathibitisha kitu. Ni lazima ichomwe: kwa bronkoskopia yenye altrasaundi nchani, au kwa kamera inayopitishwa kwenye kitundu juu kidogo ya kidari. Kumnyima mgonjwa upasuaji kwa sababu ya mng'ao peke yake ni kosa sawasawa na kumpasua bila kupima.

Kwenye ubongo PET haisaidii sana, maana ubongo wenyewe hula sukari muda wote na kila kitu kinang'aa. Mgonjwa wa hatua ya 3 apigwe MRI ya kichwa, au CT yenye dawa ya mshipa kama MRI haipatikani, hata kama haumwi kichwa.

#4 MjukuuWaPangani

Shikamooni madaktari. Naomba kueleweshwa. Mgonjwa wetu yuko hatua ya IIIA, tezi za katikati zimethibitishwa kuwa na saratani. Hospitali moja inasema dawa kwanza halafu upasuaji. Nyingine inasema dawa pamoja na mionzi, upasuaji hakuna. Yupi sahihi?

#5 MbavuYaTano

Marahaba. Wote wawili wanaweza kuwa sahihi, inategemea tezi zikoje.

Tezi zikiwa kituo kimoja (eneo moja la tezi kifuani), ndogo, zimejitenga, na uvimbe unatoka kwa kuondoa lobu (moja ya sehemu kubwa za pafu) moja tu, dawa kwanza halafu upasuaji ni njia nzuri. Tezi zikiwa vituo vingi, zimeshikana kama ugali uliogandia sufuria, zimezunguka koo la hewa, hapo dawa pamoja na mionzi. Toleo la 9 la TNM, lililoanza kutumika 2025, limezigawa rasmi: N2a ni kituo kimoja, N2b ni zaidi ya kimoja. Mwulizeni daktari mgonjwa yuko kundi gani.

Utafiti wa Marekani unaojulikana kama INT 0139, uliochapishwa 2009, uliwagawa wagonjwa wa namna hii makundi mawili. Wote walipata dawa na mionzi, nusu wakaongezewa upasuaji. Muda wa kuishi haukutofautiana kwa maana: kama miezi 23.6 na 22.2. Lakini waliotolewa pafu zima, 14 kati ya 54 walifariki baada ya upasuaji. Waliotolewa lobu moja, vifo vilikuwa takriban 1 kati ya 100. Ndiyo maana nasema swali la kwanza baada ya tezi ni "lobu au pafu zima?" Akiambiwa pafu zima la kulia baada ya mionzi, familia iombe maoni ya jopo jingine kabla ya kutia sahihi.

Mara nyingi pafu zima linaokolewa kwa kukata lobu pamoja na kipande cha njia ya hewa, kisha kuunganisha ncha mbili zilizobaki, kama fundi anavyokata bomba bovu na kuunga. Inahitaji mkono uliozoea, na kipande cha ukingo kipimwe na maabara papo hapo mgonjwa akiwa bado mezani. Ukingo ukiwa na saratani, unakata tena kabla ya kuunga.

#6 BiMionzi

Nimjibu Mjukuu upande wa dawa, maana mambo yamebadilika sana tangu 2022.

Utafiti wa CheckMate 816: mizunguko 3 ya kemo pamoja na nivolumab (dawa ya kuamsha kinga), kila wiki 3, kisha upasuaji. Waliopata nivolumab, 24 kati ya 100 hawakukutwa na seli hai yoyote ya saratani kwenye kilichotolewa. Waliopata kemo peke yake, 2.2 kati ya 100. Muda bila ugonjwa kurudi ulikuwa miezi 31.6 dhidi ya 20.8. Hii imerudisha heshima ya upasuaji kwenye hatua ya 3.

Kwa wasiopasulika, kemo pamoja na mionzi, kiasi cha 60 Gy (Gy ni kipimo cha mionzi) kwa vipindi 30, halafu durvalumab (nayo ya kuamsha kinga) kwa mwaka 1. Kwenye utafiti wa PACIFIC, waliokuwa hai miaka 5 baadaye ni 42.9 kati ya 100, dhidi ya 33.4 waliopewa dawa bandia. Hiyo si "kukatiwa tamaa". Kuna watu wa hatua ya 3 wanapona bila kisu.

Angalizo kubwa: pimeni EGFR na ALK KABLA ya dawa ya kuamsha kinga. Wenye mabadiliko hayo hawafaidiki nayo sana, na mtu akipewa dawa ya kinga kisha osimertinib (dawa ya wenye EGFR) ikafuata karibu, mapafu yanaweza kuvimba vibaya. Mwenye EGFR aliyepasuliwa anapewa osimertinib miaka 3 baada ya upasuaji. Asiyepasulika, anapewa baada ya kemo na mionzi.

Jingine linalowachanganya watu. Baada ya dawa ya kinga, CT inaweza kuonyesha tezi zimekua. Wakati mwingine si saratani, ni askari wa mwili wamejazana mle. Chomeni tezi kabla hamjafuta upasuaji.

#7 MbavuYaTano

Sahihi kabisa, Dada. Na kwa wapasuaji wanaosoma: baada ya dawa hizo, shina la pafu hukakamaa, tezi hushikana na mshipa wa damu wa pafu kama gundi. Zungushia kamba, bila kuikaza, mshipa mkuu wa damu wa pafu ndani ya mfuko wa moyo kabla hujaanza kuchambua. Usipofanya hivyo na mshipa ukachanika, una sekunde chache.

#8 Mjukuu tena (MjukuuWaPangani)

Nashukuru sana. Wanasema pia "mapafu yake hayatahimili". Inapimwaje hiyo? Ni macho ya daktari au kuna hesabu?

#9 MbavuYaTano

Ipo hesabu, na unaweza kuifanya mwenyewe kwa kalamu.

Mapafu yote mawili yana vijisehemu 19. Kulia: lobu ya juu 3, ya kati 2, ya chini 5. Kushoto: ya juu 5, ya chini 4. Mgonjwa anapuliza mashine, inapimwa hewa anayoitoa kwa nguvu ndani ya sekunde 1. Tuseme kapuliza lita 1.8.

Akitolewa lobu ya juu kulia, vinaondoka 3, vinabaki 16: 1.8 × 16 ÷ 19 = kama lita 1.5. Anaishi nayo vizuri.

Akitolewa pafu lote la kulia, vinaondoka 10, vinabaki 9: 1.8 × 9 ÷ 19 = kama lita 0.85.

Jibu hilo linalinganishwa na kinachotarajiwa kwa umri, urefu na jinsia yake. Kikibaki zaidi ya asilimia 60, na kipimo cha pili cha jinsi pafu linavyopitisha gesi kwenda kwenye damu nacho kikiwa hivyo, hatari ni ndogo. Kati ya 30 na 60, apandishwe ngazi: akipanda urefu wa mita 22 bila kusimama, yuko salama kiasi cha kutosha. Chini ya 30, anahitaji kipimo cha baiskeli kinachosoma oksijeni inayotumiwa na mwili. Zaidi ya mililita 20 kwa kilo kwa dakika, endelea. Chini ya 10, usimpasue kutoa pafu.

Kuna mtego. Kama uvimbe umeziba njia ya lobu na lobu ile haifanyi kazi tayari, hesabu ya vijisehemu inamwonea mgonjwa, kwa sababu unamtolea kitu ambacho hakikuwa kinachangia pumzi. Hapo zihesabiwe sehemu zinazofanya kazi tu.

Sigara iachwe angalau wiki 4 kabla. Uzito ukiwa umeshuka sana, alishwe kwanza. Mtu mwenye albumini (protini ya damu) ya chini, mshono wa njia ya hewa haushiki.

#10 ShifutiYaUsiku

Madaktari mnamaliza kazi yenu saa 9 alasiri, sisi ndio tunabaki naye. Wacha niseme yanayoharibika baada ya hapo.

Aliyetolewa lobu: mpira wa kifua ukiendelea kutoa mapovu kwenye chupa zaidi ya siku 5, huo ni uvujaji uliorefuka. Usiubane ili "kuona". Ukiubana na hewa inatoka, inajaa chini ya ngozi, shingo inavimba na uso unafunga macho. Chupa ikae chini ya kifua muda wote, bomba lizame sentimita 2 majini. Ndugu anayeinyanyua chupa juu ya kitanda ili apite, anamrudishia mgonjwa maji kifuani.

Aliyetolewa pafu zima ni mgonjwa mwingine kabisa. Mpira wake, kama amewekewa, HAUUNGANISHWI na mashine ya kunyonya. Ukiunganisha, moyo unavutwa kwenye nafasi tupu, presha inaanguka. Maji ya dripu yapimwe kwa ukali. Pafu lililobaki sasa linapokea damu yote, ukilimwagia maji linafurika, na hufurika ndani ya siku 3 za kwanza. Ukiona presha imeshuka kidogo usikimbilie lita 2 za haraka, mwite daktari.

Siku ya 2 hadi ya 4 angalia mapigo. Moyo kuanza kudunda bila mpangilio ni jambo la kawaida kwa wagonjwa hawa, na oksijeni au potasiamu ikiwa chini huzidisha.

Ishara ninayotaka kila nesi aikariri: mgonjwa aliyetolewa pafu, wiki 1 au 2 baadaye, anaanza kukohoa maji mepesi ya rangi ya waridi yenye ladha ya chumvi, na anakohoa zaidi akilalia upande mzima. Picha inaonyesha mstari wa maji uliokuwa ukipanda sasa umeshuka. Mshono wa njia ya hewa umeachia. Mkalishe, mwegemeze upande uliopasuliwa uwe CHINI, ili maji yasimwagikie pafu lililobaki likazama. Hilo kwanza, kabla ya simu.

Maumivu yasipodhibitiwa hakohoi, asipokohoa makohozi yanaganda, nimonia inaingia. Dawa ya ganzi ya mgongoni au kando ya uti ni sehemu ya tiba. Siku ya kwanza baada ya upasuaji awe ameketi kwenye kiti.

#11 MbavuYaTano

Sista, ujumbe wako ungebandikwa ukutani wodini.

#12 Hadubini

Tusogee hatua ya 4. Wapo wanaoambiwa "imeenda sehemu moja tu, tunaweza kutoa huko na huku". Dada BiMionzi unasemaje? Naona kama mambo yamegawanyika.

#13 BiMionzi

Yamegawanyika kweli. Utafiti wa akina Gomez ulichukua wagonjwa 49 wenye vituo vya saratani iliyosambaa visivyozidi 3 ambao dawa ya kwanza ilikuwa imewatuliza. Waliotibiwa kila kituo kwa kisu au mionzi waliishi miezi 41.2, wengine 17. Watu wakashangilia. Lakini mwaka 2024 yakatoka matokeo ya NRG-LU002, utafiti mkubwa zaidi ambao wagonjwa wengi walikuwa kwenye dawa za kinga, na haukuonyesha faida. Kwangu mimi somo ni kwamba dawa ikiwa nzuri, kuongezea kisu kwa kila mtu hakulipi. Wachaguliwe wachache: kituo kimoja, tezi za kifua safi, ugonjwa umetulia miezi 3 hivi kwenye dawa.

#14 MbavuYaTano

Hapo natofautiana nawe kidogo, Dada. Ubongo na tezi ya juu ya figo vina historia yake, tusiviweke kapu moja na mengine. Kituo kimoja cha ubongo, utafiti wa Patchell wa 1990: waliopasuliwa kisha mionzi waliishi wiki 40, waliopewa mionzi peke yake wiki 15. Wengi wao saratani ilitoka mapafuni. Uvimbe ukizidi sentimita 3, au uko kisogoni na unaziba njia ya maji ya ubongo, kisu hakina mbadala wa haraka. Deksamethasoni inapunguza kufura kwa ubongo kwa siku kadhaa, siyo kwa miezi.

Tezi ya juu ya figo: kwa waliochaguliwa vizuri, takriban robo walikuwa hai baada ya miaka 5 kwenye mikusanyo ya tafiti za zamani. Ila thibitisheni kwanza. Vivimbe visivyo na madhara kwenye tezi hiyo ni vingi mno.

#15 BiMionzi

La ubongo nakubali, ila leo mionzi ya kulenga inafanya kazi hiyo kwa vivimbe vidogo bila kufungua fuvu. La tezi bado nasema: mchague mgonjwa, usichague picha.

#16 ShifutiYaUsiku

Naomba tuzungumzie maji ya kifua, kwa sababu ndiyo yanayowaleta wengi wa hatua ya 4, usiku, wameketi wameegemea meza hawawezi kulala.

#17 MbavuYaTano

Hapa ndipo upasuaji mdogo unafanya kazi kubwa kuliko ule wa kutoa pafu. Maji yenye seli za saratani kwenye utando wa pafu ni hatua ya 4 (M1a). Kutoa pafu hakuna maana tena. Kumrudishia mtu pumzi kuna maana sana.

Tazama picha ya kifua kwanza. Maji mengi yanapaswa KUSUKUMA koo la hewa kwenda upande wa pili. Ukiona upande ni mweupe wote na koo limevutwa kuelekea upande huohuo, au limebaki katikati, jua njia kuu ya hewa imezibwa na uvimbe na pafu limenywea. Ukitoa maji, pafu halitanyanyuka.

Kutoa kwa mara ya kwanza: sindano au mpira mwembamba, kwa kuongozwa na altrasaundi, juu ya ukingo wa JUU wa ubavu, kwa kuwa mshipa wa damu na wa fahamu hupita chini ya ubavu. Usizidishe lita 1.5 kwa mkupuo. Akianza kukohoa mfululizo au kifua kikibana, simama hapohapo hata kama ni mililita 600. Pafu lililonywea wiki nyingi likifunguka ghafla hujaa maji lenyewe.

Peleka angalau mililita 50 kwa Hadubini, siku hiyohiyo. Kisha andika jambo moja ambalo wengi husahau: je, pumzi imekuwa nyepesi? Kama haikubadilika, shida haikuwa maji. Tafuta damu iliyoganda kwenye mishipa ya pafu, au maji kwenye mfuko wa moyo.

Yakirudi, piga picha baada ya kuyatoa. Pafu limegusa ukuta? Basi unga wa talki, wa kugandisha pafu na ukuta wa kifua: gramu 4 hadi 5 kwenye mililita 50 za maji ya chumvi, pamoja na lignokeini (dawa ya ganzi) miligramu 3 kwa kilo bila kuzidi 250, kupitia mpira. Funga saa 1, fungua. Kumgeuzageuza mgonjwa hakuna faida. Homa siku ya kwanza ni kawaida. Mpira utolewe maji yakipungua chini ya mililita 150 hadi 250 kwa saa 24. Talki iwe ile yenye chembe kubwa za kitabibu. Chembe ndogo huingia kwenye damu na kuchoma mapafu.

Pafu halikugusa ukuta? Talki haitashika, usimtese. Awekewe mpira wa kudumu unaopita chini ya ngozi, anakwenda nao nyumbani.

Maji ya mfuko wa moyo ni dharura: mishipa ya shingo imejaa, presha chini, mapigo mbio. Yatolewe kwa sindano, yakirudi likatwe dirisha dogo chini ya kidari.

#18 BiMionzi

Na mifupa msiisahau. Mgonjwa wa saratani ya mapafu anayesema mgongo unauma zaidi akilala, kisha miguu inakuwa mizito au mkojo hauanzi, apate MRI ya mgongo wote ndani ya saa 24. Utafiti wa Patchell wa 2005: waliopasuliwa kuondoa mgandamizo kisha mionzi, 84 kati ya 100 waliweza kutembea baada ya matibabu, dhidi ya 57 waliopata mionzi peke yake. Waliopasuliwa walitembea siku 122, wengine 13. Walichukuliwa wenye eneo moja lililobanwa, ambao miguu ilikuwa haijapooza kabisa zaidi ya saa 48, na waliotarajiwa kuishi angalau miezi 3. Akifika siku ya 5 amepooza, upasuaji huo hauna la kumpa.

Mfupa wa paja: jumlisha alama za Mirels (za kukadiria hatari ya mfupa kuvunjika): mahali, maumivu, sura ya tundu lililoliwa na saratani, ukubwa, kila moja 1 hadi 3. Ikifika 9, uwekwe chuma kabla haujavunjika. Kidonda kikipona, kama wiki 2, mionzi ifuate urefu wote wa chuma.

#19 Hadubini

Na bega! Maumivu ya bega yanayoshuka hadi kidole kidogo cha mkono, ganzi upande huo, kope la jicho limelegea. Anachuliwa, anachomwa sindano za viungo miezi, kumbe uvimbe uko kileleni mwa pafu. Picha ya bega huwa inakata kilele cha pafu, ndiyo maana hauonekani.

#20 MbavuYaTano

Huo ni uvimbe wa Pancoast, na unatuonyesha kuwa "umefika mbali" hakumaanishi "haupasuliki". Tezi za katikati zikiwa safi: kemo mizunguko 2 pamoja na mionzi 45 Gy, kisha kutoa lobu ya juu pamoja na mbavu zilizoshikwa. Kwenye utafiti wa SWOG 9416, wote kwa jumla 44 kati ya 100 walikuwa hai baada ya miaka 5, na 54 kati ya 100 kwa waliotolewa ugonjwa wote. Ukianza na kisu kabla ya mionzi, ukingo mara nyingi unabaki na saratani kwenye mishipa ya fahamu ya mkono, na nafasi ya pili haipo.

#21 MjukuuWaPangani

Swali la mwisho kuhusu ule mpira wa kudumu wa nyumbani. Unatolewa maji mara ngapi, na lini turudi hospitali?

#22 ShifutiYaUsiku

Mara 3 kwa wiki inatosha wengi; anayebanwa kila siku, kila siku. Isizidi lita 1 kwa mara moja. Nawa mikono kwa sabuni, vaa glavu safi, futa kichwa cha valvu kwa spiriti kabla ya kuunga chupa. Maumivu yakianza au kikohozi kikishika, funga. Andika kiasi na rangi kwenye daftari, daftari liende naye kliniki. Kemo haizuiwi na mpira huo.

Rudini siku hiyohiyo kama kuna homa, ngozi inayouzunguka mpira imekuwa nyekundu na ya moto, au maji yamegeuka usaha. Kama yametoka chini ya mililita 50 mara 3 mfululizo na anapumua vizuri, njooni kwa miadi ya kawaida mpigwe picha, pengine utando umeshagandana na mpira unatolewa. Lakini kama hayatoki na pumzi inabana, mpira umeziba au maji yamejigawa vyumba vyumba. Msisukume kitu chochote ndani kwa bomba la sindano nyumbani. Mleteni akiwa ameketi, asilazwe kwenye gari.